Aliyeacha naye ana msiba

Ndugu mwandishi, umesema anayemwacha mwenzake haumii kwa sababu alishajipanga. Kwenye kujipanga sikupingi. Mimi nilijipanga miezi 7. Nililia sana kwenye daladala za Mbagala, usiku, nikijifanya nasinzia, huku mchumba wangu kwake akidhani mambo ni shwari na kunitumia ujumbe kuniuliza kama nimekula. Kwa hiyo siku ya kumwambia macho yalikuwa makavu. Yeye ndiyo kwanza anatandika mkeka wa msiba, mimi nimeshafika arobaini.

Nilipomaliza kusema, alinyamaza. Akachukua kikombe nilichonywea chai, akakiosha taratibu, akakirudisha kabatini. Basi. Kikombe kile kinanitesa mpaka leo kuliko maneno yote niliyopigiwa na dada zake (na walinipigia, si mchezo).

Halafu kuna jambo hukuligusa kabisa: usiku ule nililala fofofo, usingizi wa mtu aliyetua gunia. Asubuhi nikaona aibu kwamba nimelala.

Wanandoa wanaotaka talaka, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inawataka waanzie baraza la usuluhishi kabla ya mahakama, angalau wote wawili wanasikilizwa. Sisi wachumba baraza letu ni majirani, na aliyeacha hapewi hata pole. Ni mama tu aliyenipigia kunijulia hali, wiki ya pili hivi, akauliza, "Na wewe mwanangu, unakula?" Nikashindwa kumjibu.