Fainali ya Kombe la Shirikisho irudi Arusha

Kila msimu unapokaribia kwisha nasubiri TFF, shirikisho letu la soka, watangaze fainali ya Kombe la Shirikisho la hapa nchini itapigwa wapi. Mwaka 2024 na 2025 ilikuwa New Amaan, Zanzibar. Sina kinyongo na Wazanzibari, nao ni watu wa mpira na uwanja wao unapendeza. Lakini zamu yetu irudi.

Arusha tumeshaandaa fainali hii mara mbili, zote pale uwanja wa Sheikh Amri Abeid, na zote zilijaa magoli. Mwaka 2018 Mtibwa Sugar, timu ya mashamba ya miwa kule Morogoro, iliifunga Singida United 3-2. Simba hawamo, Yanga hawamo, na mechi ikanoga vilevile.

Halafu ikaja Julai 2022, Yanga na Coastal Union. Yanga walikuwa wamebeba ubingwa wa ligi bila kupoteza mchezo hata mmoja. Coastal, Wagosi wa Kaya, chini ya kocha Juma Mgunda, wengi waliwahesabu kama wasindikizaji. Abdul Suleiman, huyu Sopu, akatikisa nyavu mara tatu! Hat-trick ya fainali, mbele ya timu ambayo ligi nzima ilishindwa kuifunga. Feisal Salum, Makambo na Nkane wakajibu kwa upande wa Yanga, dakika 120 zikaisha 3-3, na Yanga wakachukua kombe kwa matuta, 4-1. Mpaka leo naumia nikimfikiria kijana aliyefunga magoli matatu kwenye fainali akaondoka bila kombe. Kwangu mimi hiyo ndiyo fainali bora ya kombe hili tangu liliporejea msimu wa 2015/16, na ukitaka kunibishia, njoo na mechi yako.

Kwa miaka mingi Arusha hatuna timu yetu ya Ligi Kuu. Jirani zetu Moshi walikuwa na Polisi Tanzania pale uwanja wa Ushirika, ikashuka daraja mwaka 2023. Mtoto wa Ngarenaro au Unga Limited anawajua nyota kama Pacome wa Yanga kwa kuwaona kwenye runinga ya kibanda umiza. Fainali ikiletwa hapa anawaona kwa macho yake. Ligi ina mechi nyingi za kuwaridhisha wa Dar es Salaam. Kombe lina fainali moja tu kwa mwaka, na hiyo ndiyo ya kuzungusha mikoani, kama ilivyofika Lindi, Sumbawanga na Kigoma.

Najua hoja ya mapato na ufinyu wa uwanja. Ndiyo maana nautazama ule unaojengwa Olmoti kwa ajili ya AFCON 2027, wa watazamaji 30,000. Ukikamilika, TFF watupe fainali, na watangaze mapema, siyo wiki mbili kabla, ili shabiki wa Tanga, Mbeya au Mwanza apange nauli yake.