Mjomba, Atari ni ya Nani?

Adui yangu ni mdomo wangu mwenyewe. Mtoto wa dada yangu yuko kwangu likizo hii, na juzi usiku, saa nne na nusu, mtu mzima nimeshavua viatu na kuaga, akanifuata na fulana yake nyeusi yenye nembo ya mistari mitatu: wa kati umesimama wima, ya pembeni imepinda kwenda nje kama miguu ya mtu aliyeshuka juu ya punda sasa hivi. "Mjomba, Atari ni kampuni ya nani?"

Mwenye akili angejibu "kalale". Mimi nikavuta kiti. Nililala saa nane.

Nilianza kwa mbwembwe. Nikamwambia hii kampuni ya gemu za video ni ya Wamarekani wawili, Nolan Bushnell na Ted Dabney, walioifungua mwaka 1972 huko California kwa dola 250 kila mmoja. Mwanzoni walitaka kuiita Syzygy, wakakuta wengine wameshalichukua jina hilo. Hapo nikashukuru Mungu kimoyomoyo, maana hilo neno ukilitamka usiku unaweza kuvunja jino. Bushnell alikuwa mchezaji wa Go, ule mchezo wa vijiwe vyeusi na vyeupe, na katika Go ukisema "atari" unamaanisha kijiwe kimebanwa, kimebakiza hatua moja kimezwe. Hebu fikiria. Mtu anafungua kampuni anaiita "inakaribia kumezwa", halafu watu wanashangaa yaliyofuata.

Mwaka huohuo wakatoa gemu ya Pong. Vijiti viwili na kidoa kinachodunda, basi. Mashine ya majaribio waliiweka kwenye baa moja mjini Sunnyvale, na baada ya muda wakaitwa: mashine yenu imekufa, njooni. Fundi wao Allan Alcorn kaenda, kaifungua, kakuta haina ugonjwa wowote. Kisanduku cha sarafu kimejaa hadi zimeziba. Nilisimulia kipande hiki kwa uchungu. Mimi vitu vyangu vyote vilivyowahi kuharibika, hakuna hata kimoja kilichoharibika kwa kujaa pesa.

"Kwa hiyo ni ya Bushnell," kijana akasema, akaanza kuinuka. Ningemwacha aende. Lakini ule mdomo niliokwambia.

"Aliiuza," nikasema. Mwaka 1976, kwa kampuni kubwa ya filamu na muziki, Warner Communications, kwa dola milioni 28. Mwaka uliofuata ikatoka mashine ya nyumbani, ile ya kuchomeka kaseti, iliyokuja kuitwa 2600. Kabla 1978 haijaisha, mwanzilishi ameshagombana na wenye mali na yuko nje. Kajenga nyumba, kaambiwa apishe.

Hapa ndipo ninapokasirika kila nikikumbuka, na nikakasirika mbele ya mtoto. Wale vijana waliokuwa wakiandika hizo gemu hawakuruhusiwa kutaja majina yao. Mtu mmoja anakaa miezi na gemu peke yake, anaichora, anaiandika, anaitia sauti, halafu kwenye boksi linaandikwa Atari tu. Warren Robinett akaona isiwe tabu. Ndani ya gemu yake iitwayo Adventure akachimba chumba cha siri, ukutani akaandika jina lake, akanyamaza, akaacha kazi. Mabosi hawakujua kitu mpaka kijana mmoja wa Utah alipokiona chumba akawaandikia barua. Kurekebisha kaseti kukaonekana ni gharama, wakaamua kukigeuza kuwa kivutio. Namwelewa sana Robinett. Mimi jina langu kwenye hati ya mshahara linakosewa herufi ileile kila mwezi, ila ningejificha chumba gani?

Wenzake wanne, akina David Crane, hawakutaka mambo ya kujificha. Mwaka 1979 wakatoka wakaanzisha kampuni yao, Activision, wakaendelea kutengeneza kaseti za kuchomeka kwenye mashine ya bosi wao wa zamani, na safari hii majina yao yakiwa juu ya boksi. Atari wakaenda mahakamani, lakini mchezo ukaishia kwa Activision kuendelea kuuza na kulipa mrabaha. Mlango ukawa wazi, kila mwenye kompyuta akawa mtengeneza gemu. Madukani kukajaa takataka.

Halafu ukaja mwaka 1982. Nilitamani kuuruka, ila kijana alishakunja miguu kwenye kochi kabisa. Warner walinunua haki ya kutengeneza gemu ya E.T., ile filamu ya kiumbe kutoka angani, na mazungumzo yalikuja kukamilika mwishoni mwa Julai, wakati kaseti lazima ziwe madukani kabla ya Krismasi. Howard Scott Warshaw akapewa kazi aimalize kwa wiki tano. Wiki tano! Mimi kuna balbu ya chooni nimeahidi kuibadilisha tangu mwezi wa pili. Akaimaliza, lakini ilikuwa gemu ya kutumbukia mashimoni, unatoka shimo hili unaingia lile. Mamilioni ya kaseti yakakosa wa kuyachukua. Mwaka 1983 malori yakapeleka mzigo kwenye dampo la Alamogordo, jimbo la New Mexico, wakafukia na kumwaga zege juu. Mwaka huo Atari ilipoteza zaidi ya dola milioni 500.

Nilidhani simulizi la maziko litamtisha alale. Akauliza, "Zikafukuliwa?" Ndiyo, zikafukuliwa. Mwaka 2014 walikwenda na mashine, wakatoa kaseti kama 1,300, nyingi wakazipiga mnada, na kwa jumla zikaingiza zaidi ya dola laki moja. Takataka ileile! Mzima hanunuliwi, mfu anagombaniwa. Nyumba nzima ilikuwa imelala isipokuwa mimi na huyu hakimu mdogo.

"Sasa ikawa ya nani?"

Hapo ndipo niligundua nimejichimbia shimo la E.T. mwenyewe. Kwa sababu mwaka 1984 Warner waliipasua Atari vipande viwili. Kipande cha kompyuta na mashine za nyumbani akachukua Jack Tramiel, yule mwanzilishi wa Commodore, waliokuwa washindani wakubwa wa Atari kwenye kompyuta. Yeye naye alikuwa ametoka kwake miezi michache tu nyuma baada ya ugomvi. Na alichukua bila kutoa pesa taslimu, kwa hati za kuahidi kulipa. Mimi nikienda kuchukua hata kiberiti kwa kuahidi kulipa naonyeshwa daftari la madeni yangu ya nyuma. Kipande cha pili, cha mashine za sarafu, kikawa Atari Games, na mwaka 1985 sehemu kubwa ikaenda kwa Wajapani wa Namco. Yaani kukawa na Atari mbili duniani, kama nyumba mbili za mzee mmoja aliyefariki bila wosia. Hii ya sarafu ilipotaka kuuza kaseti za nyumbani ikaambiwa jina hilo huku si lako, ikalazimika kujiita Tengen. Nalo ni neno la Go. Tabia haifichiki.

Atari ya Tramiel ilijitahidi. Ikatoa kompyuta ya ST mwaka 1985, ikatoa mashine ya Jaguar mwaka 1993, ikaishiwa pumzi. Mwaka 1996 ikaungana na kampuni ya kutengeneza diski za kompyuta, JTS. Hao hata gemu hawakuzitaka, wao ni watu wa diski. Mwaka 1998 wakaliuza jina na kila kilichobaki kwa Hasbro, watengeneza midoli, kwa dola milioni tano.

Tano. Nikamtajia mara mbili. Kisha nikamwambia wale wanne waliotoka kwa sababu ya majina yao: Activision yao, baada ya kupita mikono na miungano mingi, mwaka 2023 ilinunuliwa na Microsoft kwa karibu dola bilioni 69. Kijana akatoa simu akapiga hesabu hizo ni milioni tano ngapi. Nikamnyang'anya simu.

Tuliendelea na sauti za chini, kwa sababu mke wangu alikohoa kule chumbani, na kikohozi kile nakijua. Wafaransa wa Lyon, Infogrames, wakainunua Hasbro Interactive, tawi la gemu la Hasbro, na Atari ndani yake. Walikuwa na nembo ya mnyama wa magamba kama kakakuona, na jina ambalo halikuwa baya, lakini ukinunua suti ya marehemu unataka kuivaa. Mwaka 2003 tawi lao la Marekani likajiita Atari, na mwaka 2009 kampuni mama yenyewe ikalitupa jina la Infogrames ikajiita Atari pia. Mwaka 2010 Bushnell akarudi, kama mjumbe wa bodi. Januari 2013, Atari ya Marekani ikaomba ulinzi wa mufilisi.

Hawakukoma. Ikaja kofia yenye spika ndani yake, yenye nembo hiyo. Mwaka 2020 zikatangazwa hoteli za Atari. Na mwaka 2024, sikiliza hili, hawa wanaoitwa Atari wakaamua kufufua lebo ya kuchapishia gemu. Wakaiita jina gani? Infogrames! Mwizi wa nguo kavaa nguo uliyoibiwa, halafu karudi kuchukua ya kwake aliyoiacha mlangoni.

"Kwa hiyo, Mjomba," kijana akasema, macho makavu kama mchana, "Atari ya sasa si ile Atari."

"Si ile."

"Na ile nyingine, ya sarafu?"

"Iliishia kwa kampuni nyingine ya gemu, Midway, wakaibadilisha jina, wakaifunga mwaka 2003."

Akafikiri. Akavuta kola ya fulana yake, akaipindua mbele ya taa, akasoma lebo iliyoshonwa ndani. "Mbona hapa pameandikwa kampuni nyingine kabisa? Eti imeshonwa kwa leseni ya..."

Nikazima taa.