Mpaka wa karatasi na mpaka wa shangazi

Watu wa nyumbani wakijua nina usonji (autism, yaani ubongo unaopokea watu, sauti na mwanga kwa namna tofauti) huniambia, "Bora uko Uingereza, huko wanawaelewa." Mimi nasema wana nusu ya ukweli.

Sheria ya Usawa ya huku, ya 2010, inamtaka mwajiri arekebishe mazingira ya kazi kwa mwenye ulemavu, na usonji unaweza kuingia humo. Kwa hiyo hapa Leeds, kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, zamu napewa mapema kwa maandishi, na nakula peke yangu chumba kisicho na redio. Hakuna anayenuna. Tanzania nayo ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu, ya mwaka huohuo, lakini nenda kamwambie bosi wa Kariakoo kwamba taa inayomemeteka inakuumiza kichwa!

Ila mpaka huu wa karatasi, yaani wa sheria, unaishia getini mwa kazi. Huku ukimwambia mtu "leo siwezi kuongea," anakuheshimu, anaondoka, na huenda ndiyo kwaheri. Ninao wenzangu wenye haki zao zote ambao Jumapili hawana hata wa kumpigia simu.

Tanga ni kinyume. Kukumbatiwa, sinia moja, spika za harusi usiku kucha. Ukijifungia chumbani, unaringa. Hayo yananichosha kweli, sitayapamba. Lakini yapo ambayo wazee walituwekea bila kujua jina la usonji. Kutomtazama mtu machoni, ambako huku huandikwa kwenye fomu kama dalili, kwetu mbele ya mkubwa ni adabu. Maamkizi yetu yana mpangilio: shikamoo, marahaba, habari za watoto, unajua kinachofuata. Soga za Waingereza kuhusu mvua hazina mpangilio wowote, na mimi ndiko ninakozama. Hata hodi ina kikomo: ukipiga mara tatu kimya, unaondoka bila kinyongo.

Kubwa zaidi ni mtu wa kati. Mshauri wangu huku alisisitiza kila mpaka wangu, yaani kile nisichotaka nitendewe, niuseme mwenyewe, kwa sauti yangu, uso kwa uso. Sikubaliani naye. Nikienda likizo Tanga namtuma shangazi awaambie watu: "Huyu mpeni mkono tu, msimkumbatie, na mpakulieni sahani yake." Amesema shangazi, nani abishe? Damian Milton, mtafiti ambaye naye ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati yetu na wengine kunatoka pande zote mbili. Basi kwa nini mzigo wa kueleza niubebe peke yangu, wakati yupo anayezijua lugha zote mbili?

Shida ni kwamba shangazi huyohuyo ndiye anayeniuliza kila Idi nitaolewa lini, na kwa hilo bado sijapata wa kumtuma kwake.