Thorvaldsen: anzeni na plasta

Akitajwa mchongaji Bertel Thorvaldsen, hakosekani mtu wa kusema kwamba sanamu zake zilichongwa na wasaidizi. Ni kweli, wala si aibu. Anayeutafuta mkono wa mzaliwa huyu wa Copenhagen asianze na marumaru, aanze na plasta, yaani sanamu za jasi.

Alifika Roma tarehe 8 Machi 1797 kwa ufadhili wa chuo cha sanaa cha kwao. Jason wake wa kwanza, yule shujaa wa hadithi za Kigiriki, alimfinyanga kwa udongo, kisha akamvunja kwa kukosa fedha za kumtoa nakala ya plasta. Mjuzi wa udongo hashangai. Sanamu kubwa ya udongo husimama juu ya mifupa ya chuma, na lazima ifunikwe matambara mabichi usiku na mchana. Ikikauka, udongo unasinyaa na chuma hakisinyai, basi nyufa huanzia magotini na mabegani.

Jason wa pili, mwenye zaidi ya mita 2, aliokolewa na mwandishi Friederike Brun aliyelipia plasta. Kazi yenyewe huenda hivi: udongo hupakwa tabaka jembamba la plasta yenye rangi, juu yake tabaka nene jeupe; hiyo ndiyo kalibu. Ikishakuwa ngumu, udongo huchimbuliwa, kalibu hupakwa sabuni au mafuta ndani, kisha humiminwa plasta mpya. Ukiruka sabuni, kalibu na sanamu vinagandana na huvitenganishi tena. Mwisho kalibu hubanduliwa kwa patasi butu. Ukiona rangi, punguza nguvu, umefika karibu na ngozi.

Udongo umekwisha kufa hapo. Kwa hiyo plasta ndiyo asili, na marumaru ni nakala yake: msaidizi hupima kwa timazi na bikari kutoka alama hadi alama, hutoboa jiwe na kuacha milimita chache za kumalizia. (Kule Possagno, Italia, plasta za mchongaji Canova bado zina misumari ya vipimo.) Tundu likizidi kina halizibiki. Tena jiwe la Carrara, marumaru ya Italia, linaweza kuficha mshipa wa kijivu hadi patasi ifike puani.

Nisichomtetea ni ucheleweshaji. Thomas Hope, tajiri wa London, aliagiza Jason wa marumaru mwaka 1803, akampata 1828! Wasaidizi walikuwapo kwa makumi. Ni bwana mwenyewe aliyezidi kupokea kazi mpya.

Edmonia Lewis, Mmarekani mweusi aliyehamia Roma miaka ya 1860, hakuwa na nafasi hiyo. Alichonga marumaru kwa mikono yake, maana mwanamke akiajiri wasaidizi aliambiwa kazi si yake. Lawama ileile haikumpunguzia Thorvaldsen mteja hata mmoja.

Marumaru ya Jason ilifika Copenhagen mwaka 1917, kwenye jumba la makumbusho lililofunguliwa 1848 kwa ajili ya kazi za Thorvaldsen. Plasta yake imo humo humo. Itazameni hiyo kwanza, hasa shingo na kiwiko.