Bati la Wapita Njia

Sikushikiwa panga. Dukani bati jeupe la kawaida lilikuwepo, nikalipita kama simjui mwenyewe, nikachukua jeusi la mtindo wa msauzi, unene wa geji 30, ili nyumba yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, ipendeze ukiwa barabarani. Na kweli inapendeza, bodaboda wanageuza shingo. Shida ni kwamba wao wanapita, mimi nalala humo.

Joto la Oktoba na Novemba la Dodoma mnalijua. Ikifika saa saba mchana bati limeshakunywa jua la wilaya nzima, linalitema chumbani. Mshumaa wa akiba ulijikunja kabatini kama mzee anayetafuta kandambili uvunguni. Jioni bati likianza kupoa linajikunyata: ko! ko! Siku za mwanzo mke wangu alinitoa nje na tochi nikamwangalie mwizi. Shemeji yangu, kaka yake, alikuja kukaa wiki mbili. Akalala usiku mmoja, asubuhi akakumbuka ana shughuli Singida.

Na babu yangu kule Mvumi alikuwa na tembe: boriti, fito, udongo juu, basi. Unaingia mchana wa Novemba kama umeingia kwenye mtungi. Sisi wasomi tukamcheka. Babu, bati!

Mama watoto akasema tupake nyeupe, nyeupe inalirudisha jua kwao. Mimi nikapiga hesabu: chokaa si nyeupe? Tena bei chee. Nikapanda mwenyewe, saa sita mchana, pekupeku. Nilivyokuwa nahamisha miguu, majirani walidhani ni ngoma. Lakini nyumba ilipoa jamani, wiki tatu natembea kifua mbele. Desemba ikapiga mvua ya kwanza, chokaa yote ikafuata mfereji mpaka kwenye tangi. Asubuhi chai ikatoka nyeupe, mtoto wa mwisho akashangilia kwamba leo kuna maziwa.

Mvua zilipoisha nikaita fundi. "Mzee, rangi haishiki juu ya vumbi." Akaosha bati, maji yakashuka mekundu ndoo kwa ndoo, kumbe nilikuwa namiliki shamba huko juu. Akakwangua kutu kwenye misumari kwa brashi ya waya, akabadilisha mipira ya misumari iliyochoka, akapaka praima, ile rangi ya kwanza ya kushikiza, ndipo ikaja nyeupe ya bati, mikono miwili. Kila siku anapanda saa kumi na mbili alfajiri, saa nne ameshuka. Eti bati likichemka rangi inakauka vibaya, inatoa malengelenge. Sawa, nimeelewa. Ila kuanzia saa nne mpaka jioni alikuwa kivulini anakula ugali wangu, na hilo sijaelezwa ni hatua ya ngapi ya kupaka rangi.

Julai, upepo na baridi yetu ile, mke wangu alilala na mablanketi mawili, na kila akilivuta moja ananitaja jina.

Sasa ni Oktoba. Nje kunaunguza, ndani unakaa na shati lako bila kulilaani. Habari zikafika Singida. Shemeji kaja kwa siku mbili, leo ni ya kumi na tisa. Saa saba mchana nimemkuta kwenye kochi langu, kajifunika shuka mpaka kidevuni.

"Shemeji," ananiambia, "hapa kwenu kuna kaubaridi. Hamna blanketi?"