Kabla ya maua na mabenchi, mtaro

Likitajwa suala la kuhuisha katikati ya Iringa, michoro huanza na bustani, mabenchi na taa za mapambo. Sina ugomvi na maua. Ila eneo la Soko Kuu litapona au kufa kwa mambo mawili yasiyopendeza pichani: maji ya mvua na njia ya mizigo.

Mji umekaa mlimani na mvua hunyesha tangu Novemba hadi Aprili, kwa hiyo sakafu ya nje iinamishwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mtaroni, si mlangoni kwa wauza nafaka. Chini ya vitofali vya zege panahitaji moramu, yaani udongo wa changarawe, ya milimita 150, ishindiliwe kwa tabaka mbili, kisha mchanga wa milimita 30 tu. Fundi akikuta moramu ina mabonde atataka kuyafukia kwa mchanga. Mkatalie: mchanga mnene huhama chini ya matairi, na msimu mmoja tu sakafu imeshatitia. Waendapo watembea kwa miguu, vitofali vya milimita 60 vinatosha. Panapopita malori ya Fuso viwe vya 80, moramu iwe maradufu, na kingo zote zishikwe kwa zege, la sivyo vitaachana.

Mtaro nao huzibwa na majani ya kabichi, si mchanga. Vifuniko virefu vya zege havinyanyuki, basi hausafishwi. Kifuniko cha sentimita 60 kwa 45, unene wa 7.5, kina kilo hamsini hivi. Watu wawili wanakiinua.

Majengo ya kale yanayozunguka eneo yana hatari yake: plasta ya saruji. Ukuta wa matofali yaliyojengewa chokaa hupumua. Ukiufunika kwa saruji unyevu unabaki ndani na tofali linamomonyoka kimyakimya nyuma ya rangi mpya. Tumieni chokaa. Boma la Iringa, jengo la Wajerumani la mwaka 1914, ambalo leo ni makumbusho, linaonyesha kwamba jengo kongwe linaweza kupata kazi mpya bila kubomolewa.

Kuhusu moto, Mbeya walishalia: soko la Mwanjelwa liliungua 2006, la SIDO 2011. Gari la zimamoto linahitaji njia ya mita 4 isiyo na kibanda wala turubai. Kuchora mstari wa rangi hakusaidii, vibanda vitauvuka. Nashauri njia hiyohiyo iwe ya kushushia magunia na matenga alfajiri. Madereva na wapagazi watailinda kuliko mgambo yeyote.

Na wafanyabiashara wasihamishwe wote pembezoni mwa mji kupisha ujenzi, maana wateja wakizoea kwingine hawarudi. Ijengwe nusu kwa nusu, nje ya Desemba. Kabla jembe la kwanza halijapigwa, orodha ya vizimba ibandikwe sokoni, machinga na mama lishe wakiwemo, kila mmoja na namba atakayorudia.