Hapana ya Olivia

Mwezi uliopita nilikwenda kutazama kikundi cha vijana wakiigiza Usiku wa Kumi na Mbili, ile tamthilia ya kuchekesha ya Shakespeare, katika ukumbi wa kanisa huko Buruburu, mtaa wa Nairobi. Walikuwa wameitafsiri wenyewe. Viti vya plastiki, taa mbili zilizofungwa kwa waya kwenye nguzo, na pazia lililoshonwa kwa leso nane, yaani kanga. Watu walicheka mpaka wengine wakapangusa machozi. Mimi pia nilicheka. Lakini nilipopanda matatu kurudi nyumbani nilikuwa nimekasirika, na hadi leo hasira hiyo haijanitoka. Nimemkasirikia Orsino.

Kisa chenyewe, kwa ufupi. Orsino anatawala Illyria, nchi ya pwani, naye anampenda Olivia, mwanamke tajiri anayemwombolezea kaka yake. Olivia hamtaki. Viola, msichana aliyenusurika meli ilipovunjika na anayeamini kuwa pacha wake Sebastian amekufa maji, anavaa nguo za kiume, anajiita Cesario na kuajiriwa na Orsino. Haichukui muda anampenda bwana wake. Bwana wake anamtuma kwa Olivia akamsemee. Olivia naye anampenda huyo mjumbe. Kuna pia Malvolio, mnyapara wa nyumba ya Olivia, anayeota kumwoa Olivia, bibi yake. Andrew, anayemtaka Olivia pia, mwenye pesa lakini hana maneno. Na Antonio, baharia aliyemwokoa Sebastian na anayempenda kuliko usalama wake mwenyewe. Karibu kila mtu jukwaani anamtazama mtu anayetazama kwingine.

Maneno ya kwanza ya Orsino, kwamba kama muziki ni chakula cha mapenzi basi upigwe tu, nimewahi kuyaona kwenye kadi ya harusi hapa hapa Nairobi. Ukisoma mistari inayofuata, anaomba alishwe muziki huo hadi avimbiwe, ili hamu yenyewe iugue na kufa. Muda mfupi baadaye anaagiza usimamishwe, kwa sababu haumpendezi tena kama mwanzo. Mtu huyu anausikiliza moyo wake tu. Na tazama hili: Orsino na Olivia hawasimami jukwaani pamoja mpaka sehemu ya tano, ambayo ndiyo ya mwisho. Sehemu nne nzima anatuma watu.

Olivia, kwa upande wake, amejibu tangu sehemu ya kwanza, na sijasoma hapana nzuri kuliko ile. Anakiri kwamba Orsino ni mwadilifu, ni wa ukoo bora, ni tajiri, ni kijana, ni msomi, ni shujaa, na umbo lake linapendeza. Halafu anasema hata hivyo hawezi kumpenda, na kwamba angekuwa amelipokea jibu lake zamani. Hamtukani wala hamdanganyi. Sisi tuna methali isemayo akufukuzaye hakwambii toka. Olivia amemwambia toka, kwa adabu, na sababu amempa. Orsino akaamua kwamba bado hajajibiwa.

Hapo ndipo nilipomkumbuka binamu yangu. Kuna mwanamume aliyemtongoza kwa miaka miwili baada ya kukataliwa katika wiki ya kwanza. Alimtumia pesa kwa M-Pesa, naye akazirudisha, ada ya kutuma akailipa mwenyewe. Akabadilisha laini, jamaa akaipata nambari mpya kupitia kwa rafiki. Alipoona hafiki popote akaja nyumbani kwetu kumwona mama yangu, na mama, ambaye ana moyo mwepesi, akamwita binamu jikoni.

"Mwanangu, mvumilivu hula mbivu. Kijana huyu amevumilia. Mbona usimhurumie?"

"Shangazi, mimi si tunda. Nilimwambia hapana."

Mimi nilikuwa pale pale, nikimenya viazi, na nikanyamaza. Miaka mingi nimejiuliza kwa nini sikumuunga mkono. Nadhani ni kwa kuwa tumelelewa tukiambiwa mapenzi ya kweli ni yale yasiyochoka. Vijana husema mistari, yaani maneno ya kutongoza, ikikataa leo, rusha mingine kesho. Nyimbo zinasema hivyo, wajomba wanasema hivyo, na mwanamke anayekataa mara tatu anaonekana anapandisha bei. Orsino angekaa na wajomba hao akajisikia nyumbani.

Katika sehemu ya tano, hatimaye, anasimama mbele ya Olivia. Anakataliwa tena, ana kwa ana. Na huyu mpenzi wa muziki na maua anauliza nini? Anauliza kwa nini asimuue anayempenda, kama alivyofanya mwizi fulani wa Misri alipokiona kifo. Kisha, kwa kuwa ameng'amua kwamba Olivia anampenda Cesario, anamgeukia kijana wake na kutangaza kwamba atamtoa kafara mwanakondoo anayempenda ili amuumize mwanamke huyo. Ukumbini baadhi ya watu walicheka, kwa sababu mwigizaji aliisema haraka, mikono hewani, kama mtu anayedeka. Mwanamke aliyeketi mbele yangu hakucheka. Alimvuta bintiye karibu.

Tarehe 27 Januari 2024 maelfu ya watu waliandamana Nairobi na katika miji mingine ya Kenya kupinga mauaji ya wanawake. Nilikuwa miongoni mwao. Tuliwalilia wanawake waliouawa na watu waliowafahamu, wengine na watu waliodai kuwapenda. Tangu siku hiyo siwezi tena kuyasikia maneno ya Orsino kama mapambo. Naamini Shakespeare aliyaweka pale akijua anachofanya: angeweza kumpa machozi, akampa kisu. Kwa hiyo nawaomba waongozaji wetu wasiyapitishe mbio. Mwacheni aseme polepole. Mwacheni Olivia arudi nyuma hatua moja. Tamthilia haitaharibika, na kicheko kitarudi pacha atakapoingia, kwa sababu kimeandikwa vizuri sana.

Sasa Viola, ambaye kwa ajili yake ninaipenda tamthilia hii na nitaendelea kuipenda.

Orsino anamwambia kwamba hakuna mwanamke anayeweza kupenda kama yeye. Viola, ndani ya nguo zake za kiume, anamsimulia kuhusu dada yake: hakutamka kamwe penzi lake, akaacha siri ile ilitafune shavu lake kama funza ndani ya tumba la ua, akakaa kama Subira juu ya kaburi, akiitabasamia huzuni. Orsino anauliza kama dada huyo alikufa kwa penzi lake. Viola hajibu moja kwa moja. Vijana wa Buruburu walinyamaza hapo kwa muda mrefu, na msichana aliyeigiza Viola alikuwa akifunga kamba ya kiatu ambayo tayari ilikuwa imefungwa. Mama zetu wa Pwani wangemwelewa mara moja. Leso ina maneno yake. Mtu anaivaa, anapita, na mwenye kujua kusoma anasoma. Kuna wanaosema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na Olivia mwenyewe anasema jambo kama hilo, kwamba usiku wa mapenzi ni adhuhuri. Viola anathibitisha kwamba yanafichika sana, iwapo unayemkoholea hakusikilizi.

Najua, kwa sababu nimekaa mahali pake. Mwaka 2008 nilikuwa chuoni hapa Nairobi, na mwanafunzi mwenzangu, kijana wa Kayole, alimpenda msichana kutoka Lamu. Alijaribu kumkatia, yaani kumtongoza, kwa Sheng na hakujibiwa. Akaja kwangu. "Nisaidie, dada. Kiswahili chako kimenyooka." Tulikaa kwenye nyasi za bustani ya Arboretum, mimi na kabambe yake, simu ya vitufe, mkononi. Kitufe cha 5 kilikuwa kimefutika kabisa, nikawa nakitafuta kwa ncha ya kidole, maana bila 5 huna J, K wala L, na huwezi kuandika laazizi. Nilimwandikia: "Nimekuzoea kama ufuo ulivyoyazoea maji, yakiondoka nabaki na alama yake." Nilimwonyesha. Akasoma midomo ikicheza, akaniuliza, "Hii umeitoa wapi?" Nikamwambia imenijia tu. Akabonyeza kutuma.

Alijibiwa jioni hiyo hiyo.

Niliandika meseji kama ishirini hivi kabla hawajaanza kuongea wenyewe. Zilifanya kazi kwa sababu zilikuwa kweli. Kila moja ilikuwa yake yeye, kijana aliyeketi pembeni yangu akitafuna nyasi. Ndivyo pia inavyomtokea Viola. Anapomweleza Olivia namna ambavyo yeye angependa, kwamba angejijengea kibanda cha matawi langoni pake, aimbe usiku wa manane, alipaze jina lake mpaka vilima viitikie, Olivia anayeyuka. Amesikia sauti ya mtu anayependa, na hawezi kujua kwamba sauti hiyo inamwelekea Orsino. Mtu atasema kibanda cha langoni nacho ni usumbufu ule ule wa Orsino. Ni kweli, kingekuwa hivyo kama kingejengwa. Viola hakijengi. Anachokifanya ni kupeleka ujumbe, kuurudisha ulivyo, na kumwambia bwana wake: je, kama hawezi kukupenda? Na kama mwanamke angekupenda wewe, ukashindwa kumpenda, je, asingelazimika kukubali? Orsino anakataa kujibiwa hivyo. Swali lile ndilo lililo zito kuliko yote katika tamthilia, na linaulizwa na mtu ambaye tayari amejijibu mwenyewe.

Wale wawili, kijana wa Kayole na msichana wa Lamu, wameoana. Nilihudhuria harusi, nikala pilau, nikawaombea heri kwa moyo wote, na nilimaanisha. Kijana yule hakuwa na deni kwangu. Nilimpenda bure, na nilichokitoa nilikitoa mwenyewe. Hiyo haikuondoa maumivu. Kuna miezi ambayo sikuweza kupita karibu na Arboretum.

Imebaki hoja ya Malvolio, na hapa sina amani hata kidogo. Onyesho la kwanza la tamthilia hii tunalolijua kwa maandishi lilifanyika tarehe 2 Februari 1602, katika ukumbi wa wanasheria wa Middle Temple, London. Tunalijua kwa sababu mwanafunzi wa sheria, John Manningham, aliliandika katika shajara yake. Alichokisifu ni ile hila ya kumfanya mnyapara aamini kwamba bibi yake anampenda. Viola hakumtaja. Tangu mwanzo, basi, watu walikuja kumcheka asiyependwa.

Na ana makosa, simtetei kwa yote. Ana kiburi, anawanyima wenzake furaha, na hata kabla ya kuokota ile barua ya kughushi anajiona tayari amevaa joho la bwana mkubwa. Mapenzi yake yamechanganyika na tamaa ya cheo. Lakini barua aliipata! Iliandikwa kwa mwandiko uliofanana na wa Olivia, ikimwambia avae soksi za manjano na kufunga kamba miguuni kwa kupishana, atabasamu kila mara. Mwigizaji wetu alivaa soksi ndefu za mpira wa miguu, za manjano, zimekazwa kwa kamba nyeusi za viatu hadi nyama ikavimba pembeni, na alipoingia ukumbi ulilipuka. Kisha wenzake wa nyumba ile wakamfungia gizani wakimwita kichaa. Waigizaji wetu walitumia kibanda cha mbao chenye nyufa, na vidole vyake vikatokeza kwenye ufa akiomba mshumaa, kalamu, wino na karatasi. Kicheko kikapungua, kikapungua, kikaisha.

Malvolio aliadhibiwa kwa kuamini ndiyo iliyoghushiwa. Orsino alikataa kuiamini hapana ya kweli, akatishia kuua, na dakika chache baadaye ana mchumba, Viola, huku akiendelea kumwita Cesario. Sijaweza kulikubali hilo. Malvolio anapoondoka akiapa kulipiza kisasi kwa kundi zima, Olivia anakiri kwamba ametendewa vibaya mno. Angalau yeye analiona.

Andrew naye anasema mstari mmoja katikati ya ulevi, kwamba hata yeye aliwahi kupendwa, na hakuna anayegeuka.

Kisha Antonio. Alimfuata Sebastian katika mji ambao anatafutwa na askari, akampa mfuko wake wa pesa, akakamatwa akimtetea mtu aliyemdhania ni yeye. Mwishoni pacha wote wawili wanasimama mbele yake, na anauliza Sebastian ni yupi. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Jozi zinapangwa, mwimbaji anaimba kuhusu mvua inayonyesha kila siku, na hakuna aliyemwambia Antonio kama yuko huru.

Baada ya onyesho nilimkuta kijana aliyemwigiza akikunja viti. Nilimuuliza nani alimwelekeza asimame pale kando ya mlango mpaka mwisho, maana sikuweza kumwondolea macho.

"Hakuna, dada. Kitabuni hakuna neno lolote. Kwa hivyo mimi hungoja mwimbaji amalize, halafu natoka kwa mlango nilioingilia."